Siku Nilipooshwa Kama Mchanga Machimboni

Mimi nimewahi kuoshwa hadharani, mchana kweupe, nikiwa mtu mzima mwenye mume na mtoto, na aliyeniosha ni mwanamke niliyekuwa namchukia kuliko wote chini ya jua. Aibu hii nimekaa nayo miaka, na kibaya zaidi watu wanaisimulia ovyo (wengine wanasema nilivuliwa nguo zote, uongo mtupu, gauni lilibaki mwilini), kwa hiyo leo acheni niwasimulie mwenyewe ilivyokuwa. Anayetaka kucheka acheke, ila asinikatize.

Mimi ni mtoto wa Utemini, hapa hapa Singida mjini, na baba yangu alikuwa na duka. Bibi mzaa baba alikuja bara kutoka Pwani akifuata mume, na katika vyote alivyokuja navyo, kimoja alituachia sisi wajukuu zake: mwanamke havuki kizingiti cha mlango wake bila kujipaka mafuta. Kwao walijipaka ya nazi, lakini huku nazi inakuja kwa gari na bei yake ndiyo hiyo, basi bibi akahamia kwenye alizeti. Anayachemsha taratibu na karafuu na mchaichai, anayachuja kwa kitambaa, anayatia kwenye chupa, na ukijipaka unang'aa kuanzia kisogoni mpaka kisiginoni na harufu yako inatangulia kufika. Nilivyolelewa ndivyo hivyo. Mwanamke mwenye ngozi iliyopauka kwetu alihesabiwa ama mgonjwa ama ameachika.

Mume wangu Shabani, yaani Baba Mwajuma, ni Mnyiramba wa Kinyangiri. Alikuja mjini kumsaidia baba dukani, akakaa vizuri na watu, akanioa. Sasa ilipofika ile miaka biashara ilipofunguliwa, mnaikumbuka nyie, maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikamwagwa sokoni, na kila mtu akawa ruksa kuchimba dhahabu na kuiuza kwa amtakaye, basi wanaume wa mji huu wakapagawa. Hata aliyekuwa hajawahi kushika jembe alinunua sururu. Baba Mwajuma naye akaenda machimboni, akaingia ubia kwenye duara moja (shimo la kuchimbia tunaliita duara) na Mzee Gunda, mtu mzima wa huko huko, mwenye shimo lake na heshima yake.

Mimi nikabaki mjini na mtoto. Nikakaa, nikavumilia, mpaka nilipoanza kusikia maneno. Mnajua maneno ya watu, hayaji yamenyooka, yanakuja yakichechemea. Mmoja akaniambia mumeo amenenepa. Mwingine akasema mumeo anacheka sana siku hizi. Mimi nikajiuliza, mtu anayelala kwenye turubai na kula ugali mkavu ananenepeshwa na nini? Nikamwacha Mwajuma kwa mama yangu, nikafunga mzigo wangu, sufuria ya maandazi, birika, chupa yangu ya mafuta, nikamfuata. Fisi humwachii bucha, na mimi mume wangu nilimpenda lakini fisi nilimjua.

Nikaweka banda langu la chai na maandazi huku juu, kwenye vibanda vya kulala. Kule chini bondeni ndiko kulikuwa na mwalo, mahali pa kuoshea. Maji kule ni taabu, hakuna mto wa maana, kwa hiyo walikuwa wamechimba dimbwi moja kubwa, wakalisiliba kwa udongo wa mfinyanzi, na maji yakaletwa na punda kwenye madumu kutoka mbali. Wote walioshea humo humo, wanawake wamelizunguka na makarai yao, maji yale yale yanatumika tena na tena mpaka yanakuwa kama chai ya maziwa. Mimi sikuwa na shughuli kule. Nilikuwa nashuka tu kupeleka maandazi, na ndiko macho yangu yalikokutana na Paulina.

Paulina alitoka Mtinko. Hakuwa na mume wala mtoto, na hilo peke yake lilitosha kuninyima usingizi. Kazi yake ilikuwa ya mwisho kabisa katika dhahabu. Maana jiwe likishapondwa na kuoshwa, hubaki mchanga mweusi tii, mzito, na ndani ya mchanga ule dhahabu imekaa kama unga, laini hivi kwamba huwezi kuiokota wala kuichekecha. Vipande vikubwa kila mtu anavitoa. Ule unga ndio shida, na zebaki ya kuukamatia ilikuwa imeadimika. Basi watu walimpelekea Paulina. Alikuwa na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, ameiviringisha kwenye nailoni, anaipitisha juu ya mchanga, ule mweusi unarukia nailoni, anautupa pembeni, anapitisha tena. Halafu anatia maji kidogo, anainamisha karai, anagonga ukingo kwa vidole, taratibu kabisa. Mwishoni anakausha kilichobaki kwenye sahani ya bati, anapuliza kwa pumzi ndogo, vumbi jeusi linaondoka na njano inabaki.

Na nani yuko pembeni yake, ameinama, kichwa karibu kigusane na kichwa chake? Baba Mwajuma.

Jamani, wangekuwa wanacheka ningeelewa. Wangekuwa wanataniana ningewatukana yakaisha. Lakini walikuwa kimya. Vichwa viwili juu ya sahani moja, hawasemi, hata kupumua hawapumui, na mimi nimesimama na beseni la maandazi kichwani sionekani. Nilikaa na mume yule miaka, hajawahi kunitazama kwa umakini ule, hata siku ya harusi alikuwa anatazama pilau. Nikaweka maandazi chini kwa kishindo. Wote wawili wakanyoosha mikono kuniashiria nisitikise ardhi, bila hata kunitazama. Mikono yote kwa pamoja, kama watu waliokwisha kukubaliana.

Nilichoshindwa kuelewa ni kwamba alimpendea nini. Maana Paulina alikuwa amepauka. Mikono yake kuanzia kwenye viwiko kushuka ilikuwa myeupe kama ya mtu aliyetoka kupakua chokaa, vidole vimepasuka, ngozi inachora ukiikwaruza. Kila asubuhi kabla hajagusa karai anachota majivu jikoni kwa watu, anajisugua, anajisuuza. Nikamuuliza jirani yangu Bi Tatu, aliyekuwa akiuza karanga, kwamba yale majivu ni ya nini. Bi Tatu (Mungu amsamehe, alikuwa anapenda shari kuliko karanga zake) akaguna tu, akasema mambo ya watu wa vijijini huwezi kuyajua. Basi mimi nikamaliza hesabu mwenyewe. Nikasema hiyo ni dawa. Mwanamke aliyepauka vile atamvutaje mume wa mtu kama hakuna dawa?

Sikumuuliza Baba Mwajuma. Wivu hauulizi, wivu unajibu tu. Nikawa namchunguza. Akichelewa bondeni, nauchapa unga wa maandazi kama nampiga mtu. Akimsifu Paulina, na alikuwa anamsifu mbele yangu bila haya, kwamba yule dada ana mkono, kwamba unga ambao wengine wangeumwaga yeye anauona, mimi namjibu hata kipofu angeona kama angekuwa anasogelewa hivyo. Yeye anacheka. Alidhani natania.

Sasa ikakaribia masika, na masika yakifika maduara yanajaa maji, kazi inasimama. Mzee Gunda akaamua wafunge. Mchanga mweusi wa msimu mzima walikuwa wameuweka kwenye kopo la maziwa ya unga, kopo limejaa, zito hulinyanyui kwa mkono mmoja, na ulikuwa bado haujatenganishwa. Jasho lao lote liko mle. Jioni moja Baba Mwajuma akaniambia, tena kwa sauti ya upole ambayo si yake:

"Mama Mwajuma, kesho Paulina anamalizia ule mchanga. Tukishagawana nina jambo nataka kukuambia."

Haya, nyie mngewaza nini? Mwanaume wa Kiislamu, amepata dhahabu, ana sauti ya upole, ana jambo. Mimi sikuhitaji mkalimani. Nikajua naletewa mke mwenza, tena aliyepauka, tena anayeoga majivu. Usiku ule sikula.

Asubuhi nikaamua kitu kimoja kidogo tu, na hicho ndicho kilichonimaliza. Nikasema leo nashuka kule mwaloni nimependeza, watu watuone mimi na yeye mahali pamoja, halafu Baba Mwajuma alinganishe mwenyewe. Nikatoa chupa ya bibi. Sikujipaka, nilijimwagia. Mikono, shingo, uso, miguu, nikarudia mikono. Nikavaa gauni langu la maua na khanga mpya niliyoinunua makusudi kwa ajili ya jina lake, ilikuwa imeandikwa WANGU NI WANGU, WA KWAKO MTAFUTE, nikaifunga kwa namna ambayo maneno yanakaa nyuma, ili hata nikimpa mgongo asome. Nikang'aa. Bi Tatu aliponiona akasema leo yametoka majua mawili, na mimi bila kujua ananisukuma nikateremka bondeni kwa madaha.

Nafika, Paulina hayupo. Amekwenda na punda kuleta maji masafi ya kumalizia. Baba Mwajuma naye hayupo, amemfuata Mzee Gunda, maana mchanga wa kufungia hautenganishwi mwenyewe hayupo. Karai liko pale kwenye kigoda cha Paulina, na mchanga wote umekwisha mwagwa ndani yake, sumaku pembeni. Wanawake wengine wamelizunguka dimbwi, kila mmoja na kazi yake.

Nikatazama kile kigoda. Nikasema moyoni, kumbe ni hiki tu? Nimeona anavyofanya siku ngapi? Kuinamisha, kugonga, kumwaga. Mimi nimepepeta mtama tangu nikiwa mtoto, ungo ninaujua, mkono gani huo anaosifiwa? Baba Mwajuma akirudi anikute nimemaliza, unga uko kwenye sahani, hana sababu tena ya kumwinamia mtu. Nikakaa.

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama nimetumwa. Nikasema ndiyo, mume wangu kaniambia nimalizie (uongo wa kwanza na wa mwisho siku ile, baada ya hapo sikupata nafasi). Akaniuliza tena, kwa adabu tu, kama nimenawa majivu. Hapo ndipo nilipoupata mdomo wangu.

"Mimi sinawi majivu," nikamwambia. "Mimi siyo sufuria."

Wenzake wakacheka kidogo, yeye akarudia karai lake. Nikachota maji ya dimbwi kwa viganja vyangu vyote viwili, mikono ikazama mpaka viwiko, nikatia kwenye karai, nikaanza kukoroga kwa vidole kama mtu anayeosha mchele. Jua lilikuwa limepanda, mafuta yameyeyuka yanateleza, mimi nakoroga tu.

Muda si muda nikaona maajabu. Juu ya maji, kwenye karai langu, kumetanda utando wa njano. Unang'aa, unacheza, unga mwepesi kabisa umeelea. Nami nikafurahi, wallahi nilifurahi, nikaona dhahabu imenipenda, kwa Paulina inajificha chini, kwangu inapanda yenyewe. Nikawaita wale wanawake waje waone. Nikasema njooni muone mkono wa mtu wa mjini. Na huku nawaita nimeinamisha karai ili waone vizuri.

Utando ukateleza ukingoni ukaenda zake dimbwini.

Nikaweka mkono kuukinga, ukapanda mkononi. Nikachota na mkono wa pili, ukapanda na huo. Jasho likaniingia machoni, nikajifuta, ukabaki usoni. Nikajipangusa na khanga, khanga nayo ikachukua fungu lake. Kadiri nilivyohangaika ndivyo nilivyozidi kuwa na madini. Na kabla sijapata cha kusema, mama wa ng'ambo ya dimbwi akapiga yowe kwamba unga wake unaelea. Wa pili naye, wa tatu naye. Mafuta yangu yalikuwa yametembea juu ya maji yote, unayaona kabisa, rangi rangi kama za upinde wa mvua, na kila aliyechota maji yale alichota msiba. Kumbe dhahabu ya unga ikikutana na mafuta haizami tena. Nzito nzito yote ile inayosifiwa, ukiipaka mafuta inaogelea. Majivu yale ya Paulina yalikuwa ya kutoa mafuta mwilini, basi. Kila mwanamke pale alikuwa ananawa majivu. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja tu, kwa sababu mmoja tu ndiye niliyekuwa namtazama.

Katika zile kelele ndipo wakatokea. Mzee Gunda mbele na fimbo yake, Baba Mwajuma nyuma, na Paulina anaswaga punda. Mimi nikasimama, nikasema shikamoo kwa Mzee Gunda, maana hata ukifumaniwa adabu haiachwi. Hakuitikia. Alikuwa ananitazama mikononi. Nikataka kukimbia, Mungu wangu, nikainua mguu, na ndipo Paulina akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Asitoke hapo. Msimguse, wala asijifute. Hilo karai halina kitu tena, karai ni yeye."

Basi nikaoshwa. Wanawake wawili wakashika khanga zao kunikinga, wanaume wakageuzwa migongo (Baba Mwajuma peke yake aliruhusiwa, kwa kuwa ni mume na kwa kuwa mali ni yake), nikasimamishwa kwenye beseni kubwa, na Paulina akaomba sabuni ya unga. Khanga yangu ikafunguliwa ikalowekwa. Akaanza na vidole, kimoja kimoja, mpaka chini ya kucha. Akaja viganja, akaja mikono, polepole, anamwaga maji kutoka juu, yanateremka yanaingia kwenye beseni, hakuna tone linalopotea. Aliniosha uso kama mtoto. Aliniosha nyuma ya masikio. Nilikuwa nalia, akaniambia ninyamaze, machozi yanapeleka mali chini ya kidevu. Wale wanawake wenye khanga wanatetemeka kwa kicheko na wao ndio waliopoteza unga wao, sijui walipata wapi moyo wa kucheka. Huku juu kwenye vibanda habari ilikuwa imefika, watu wanateremka bondeni kama kuna gulio, na Bi Tatu yuko mbele na karanga zake, anauza.

Paulina alipofika kwenye khanga, akaikung'uta ndani ya maji, akaikunjua mbele ya macho yangu kuangalia kama imetoka yote. Maneno yale yakakaa kati yangu mimi na yeye, makubwa, meusi.

"Khanga yako nimeisoma," akasema. "Geuza shingo."

Nikageuza shingo.

Yale maji ya beseni akayaacha yatulie, akayamwaga kidogo kidogo, akapitisha sumaku, akakausha kwenye sahani. Nami nikaambiwa nije niiname nishike upande wa pili kukinga upepo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa msafi kuliko wote pale. Nikainama. Baba Mwajuma akainama. Tukawa vichwa vitatu. Na hapo, ndugu zangu, ndipo nilipojua kwa nini walikuwa hawasemi. Ukipumua, inaruka. Ukicheka, imekwenda. Huwezi hata kumfikiria mtu aliye karibu yako, unachofikiria ni pua yako mwenyewe. Nilizuia pumzi mpaka macho yakaniuma, na kwikwi za kilio zinataka kunitoka nazimeza.

Ilipatikana. Siwadanganyi, ilipatikana, lakini ilikuwa vumbi la kope ukilinganisha na lile kopo. Nyingine ilikuwa imetapakaa dimbwini na udongo wa mfinyanzi umeshaimeza. Mzee Gunda akaitazama ile sahani, akakaa kwenye kigoda. Mzee yule hakuwa mtu wa kufoka. Akaniita.

"Mwanangu," akasema, "mumeo alikuwa anakuchukulia chumba cha duka Utemini. Mimi ndiye niliyekuwa shahidi wake. Alitaka akuambie leo."

Hilo ndilo lilikuwa jambo. Duka. Langu, la kuuza khanga na vyombo, karibu na mama na mtoto wangu, tusirudi tena kwenye turubai. Nilimtazama Baba Mwajuma, yeye akatazama punda.

Dimbwi likakaushwa siku ile. Maji yakamwagwa, udongo ukakwanguliwa, punda wakaanza safari upya, na hakuna mtu aliyeosha mpaka maji mapya yalipofika. Mzee Gunda aliwagawia wale wanawake kutoka kwenye fungu letu, sisi tukabaki na cha kununulia sabuni. Toka hapo ikawa sheria mwaloni: kila anayekuja kuosha, awe mwanamke au mwanaume, anaonyesha mikono kwanza. Na anayeuliza hasemi umenawa majivu. Anauliza, "Wewe ni Mama Mwajuma?" Ukijibu siyo, unaoshea. Nimesikia mpaka leo wanauliza, hata watoto ambao hawajui Mama Mwajuma ni mtu.

Chumba cha Utemini akakichukua mwingine, akauza mitumba, akatajirika. Sisi tukabaki machimboni tukisubiri msimu mwingine, na jirani zetu ni wale wale.

Baba Mwajuma hakunipiga wala kunitukana. Jioni ile tulikaa nje ya banda, sikuwa nimejipaka kitu, ngozi inanivuta kwa ile sabuni. Nikamwomba msamaha. Nikamweleza yote, majivu, dawa, vichwa viwili, mke mwenza. Akasikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka, na mimi nikaanza kupumua. Nikamwambia aniapie kwamba hakuwahi kumtamani Paulina.

"Wallahi sijawahi," akasema. "Mimi nilikuwa naangalia sahani. Sura yake hata nilikuwa siijui vizuri, nimemtazama leo kwa mara ya kwanza, alipokuwa anakuosha."

Nikasubiri aendelee. Akachukua kijiti, akakivunja, akatupa.

"Kumbe ni mzuri."

Alisema hivyo hivyo, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema mvua inakuja. Mke mwenza sijaletewa mpaka leo, nawaambia ili msihangaike. Lakini mwanaume alikuwa ameinamisha kichwa chake kwenye mchanga, ametulia, haoni mtu, na mimi mwenyewe, kwa mafuta yangu na miguu yangu, nikateremka bondeni nikamwinua. Nimeapa, hata nikiona nini, mume wangu akiinama tena nitamwacha ainame.